Kukausha gari kisha kuiosha nyumbani: shamua, mikrofibre, kompresa ao upepo?

Nyeusi_Himbi (Goma)

Jambo ndugu. Niko na RAV4 nyeusi, naiosha mwenyewe hapa parsele kila siku ya posho, na kuosha kwenyewe haiko shida, shida iko kukausha. Jua ikitoka tu kapo, kile kifuniko cha injini, inajaa madoa meupe ya mviringo utasema mtu alinyunyiza chumvi, na jioni taa ya baraza ikiipiga mlango unaona mikwaruzo midogo midogo inazunguka ule mwanga kama utando wa buibui. Nimejaribu njia nne, naziandika vile nilivyoziona, na nyinyi mlete zenu.

Ya kwanza kuiacha ikauke yenyewe. Hapana. Maji yangu ni ya ziwa, yanapanda toka Kituku, kando ya ziwa, kwa bido, na maji ya Kivu iko na madini mengi, tone likikauka maji yanaenda zake madini yanabaki pale kwenye rangi. Jirani aliniambia nitoke nitembee kidogo upepo uikaushe, nilifanya mara moja mpaka Ndosho na kurudi, vumbi ya mawe nyeusi ikanata kwenye maji yote, nikaosha upya.

Ya pili triko (fulana) za zamani. Zinasukuma maji tu, hazinywi, tena mishono yake ni migumu na kama triko iko na maandishi ya plastiki mbele ndiyo mabaya zaidi. Nafikiri mikwaruzo mingi ya mlango wangu ilitoka hapo.

Ya tatu shamua, ile ngozi yenyewe, siyo ile ya plastiki. Inakunywa maji haraka na kioo kinabaki safi kabisa. Lakini kwa rangi naona inakokota. Kuna siku nilisikia krr ndogo chini ya kiganja nikasimama palepale, kufunua nakuta chembe moja ya mchanga.

Ya ine taulo kubwa ya mikrofibre, nene, niliipata Birere. Hii ndiyo nimependa, ila madoa meupe bado yananifuata. Sasa nauliza, kosa liko kwa taulo ao kwa maji?

fundi_ndosho (Goma)

Kaka, madoa yanatoka kwa maji, mikwaruzo inatoka kwa mchanga, usivichanganye ju dawa yake si moja.

Tuanze na mchanga. Hapa kwetu tunatembea juu ya lava, ile ya volkano Nyiragongo ya 2002 iliyopita katikati ya mji watu wameijengea, wameivunja, imesagika, na vumbi yake si kama udongo wa kawaida, ni jiwe lenye ncha. Chukua kidogo katikati ya vidole usugue utaisikia. Na ile verni ya juu ya rangi ya gari ni nyembamba mno, kwa gari nyingi ni kama mikroni 40 ao 50, unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hiyo. Kwa hiyo kitambaa chochote ukikipitisha juu ya chembe ya lava kitakwaruza, shamua inakwaruza mbio zaidi ju ni laini upande mzima haina nyuzi za kuificha chembe, inaibana kati yake na rangi. Mikrofibre nene iko na nyuzi ndefu, chembe inaingia ndani ikae mbali na verni kidogo. Ndiyo faida yake, si uchawi.

Madoa sasa. Hata ununue taulo ya bei gani, kama maji ya mwisho ni ya ziwa na unakausha juani kapo ikiwa moto, matone yatakauka mbele hujayafikia. Vuta gari kivulini, ngoja kapo ipoe mpaka uweke mkono bila kuutoa, halafu suuza mara ya mwisho na maji ya mvua. Maji ya mvua hayana yale madini ya ardhini, yakikauka hayaachi karibu kitu. Kama uko na sitene, tanki la kukinga maji ya paa, dawa unayo tayari.

YayaMuhumba (Bukavu)

Wadogo zangu, muache kuitukana shamua. Nimeitumia miaka mingi kwenye Land Cruiser nyeupe na sijaona hayo matatizo. Watu wengi hawajui kuitunza. Shamua inalowekwa kwanza kwenye maji ya vuguvugu mpaka ilainike, unaikamua, halafu unaitandaza yote juu ya kapo na kuivuta kwako polepole kwa pembe mbili, mkono hausukumi hata kidogo. Ikishiba unakamua tena. Anayeikunja kama ngumi na kusugua nayo amekosea mwenyewe. Na msiioshe na Omo. Ile ngozi imetengenezwa na mafuta ya samaki, sabuni kali inayatoa, unabaki na kitu kigumu kama biskuti. Ikauke kivulini, wala usiitupe kwenye dashibodi.

fundi_ndosho (Goma)

Yaya, heshima kwako, namna ya kuvuta uliyoeleza ni sahihi kabisa na hata taulo ya mikrofibre inafaa kuvutwa hivyohivyo. Ila tuseme ukweli, gari yako ni nyeupe. Mikwaruzo myembamba kwenye nyeupe haionekani, kwenye nyeusi inapiga kelele.

Katuba_243 (Lubumbashi)

Bandugu minaingia na ya kwetu. Huku Lubumbashi tangu mwezi ya tano mpaka ya tisa mvua hakuna, maji ya mvua utaitoa wapi, na vumbi iko nyekundu inaingia mpaka kwa mdomo. Mie minatumia kompresa ya yaya wangu anafanya kazi ya kuziba mipira. Hakuna kugusa rangi, donc hakuna kukwaruza. Minapiga pumzi kwa retro (vioo vya pembeni), kwa mikono ya milango, kwa taa, kwa kifuniko ya esansi, kwa zile herufi za nyuma, maji inatoka pale byenye huwezi kuamini ni mingi vile.

Lakini nilipata somo. Kompresa ya kuziba mipira haina kichujio, kuna siku ilitapika mafuta na maji ya tanki juu ya parabrizi, nikafanya saa nzima kutoa. Toka siku ile kwanza minafungua bomba ya chini ya tanki maji itoke, kisha minapiga pumzi kwa kiganja changu, nikiona mkono iko kavu njo minaenda kwa gari. Na hauwezi kukausha paa yote na kompresa, mdomo yake ni mdogo, utashinda hapo mpaka usiku. Ile mashini ya kupuliza majani, byenye iko nayo, njo nzuri zaidi. Mimi kompresa ni ya matundu tu, paa na milango minafanya na taulo.

Mama_Teksi (Bukavu)

Mimi niko na saa kidogo, gari ni ya kazi, saa kumi na mbili lazima iko barabarani. Raklete ile ya kusukuma maji je? Naona vijana wa kuosha gari wanaipitisha gari nzima dakika mbili imekwisha.

Na kitu kingine hamkusema: freni. Niliosha gari jioni, nikavuta freni ya mkono, nikalala. Asubuhi natia vitesi gari haitoki, tairi ya nyuma imeshika, nikaisukuma mbele na nyuma mpaka ikaachia na mlio paa! Niliogopa sana siku ile ju kulikuwa mgonjwa ananisubiri.

fundi_ndosho (Goma)

Mama, raklete kwa vioo peke yake. Ule mpira hauna pa kuficha chembe, ukinasa moja unachora mstari kutoka mwanzo wa kapo mpaka mwisho, na mstari mmoja mrefu ni mbaya kuliko mikwaruzo mia.

Kwa freni ulipatwa na kutu. Chuma ya diski na ya tamburi ikilowa inashika kutu usiku mmoja tu, garniture, ile pedi inayobana chuma, inaganda pale. Ukiisha kuosha, washa gari, tembea mita mia mbili mia tatu polepole ukigusa freni mara kadhaa, joto linakausha maji. Kisha kama mahali ni tambarare usivute freni ya mkono usiku ule, weka vitesi ya kwanza na uzibe tairi na jiwe. Kwenye vilima vya Bukavu jiwe liwe kubwa.

Nyeusi_Himbi (Goma)

Narudi kuwaambia. Posho mbili zimepita.

Mara ya kwanza niligawa kapo katikati, upande wa kuume shamua kwa namna ya yaya, upande wa kushoto mikrofibre, maji ya ziwa pande zote. Kwa kukausha tu, shamua ilishinda, haikuacha hata unyevu, mikrofibre iliacha ukungu kidogo ambao ulienda wenyewe kisha dakika moja. Lakini madoa yalitoka pande zote mbili sawasawa, pale ambapo matone yalinitangulia.

Mara ya pili nilitumia mvua. Mvua ya kwanza niliiacha imwagike, ju inaosha paa ya nyumba na ile vumbi yote ya volkano, na moshi wa Nyiragongo nao unaingia kwenye mvua yetu, nikaweka ya pili yake kwenye sitene. Bido moja ya lita ishirini ilitosha. Sikumwaga kwa nguvu. Nilifunga tiyo (mpira wa maji) nene kwa bido juu ya meza bila kichwa cha kurushia, nikaiacha iteleze taratibu toka paa kwenda chini, na ndugu zangu, maji yalishuka yameshikana kama shuka mtu analivuta kitandani, nyuma yake rangi ilibaki karibu kavu, matone machache tu kando. Taulo ilikuja kumaliza hayo machache kwa kuiweka na kuigonga kwa kiganja, sikusugua popote. Saa sita mchana nikazunguka gari yote. Hakuna doa hata moja kwenye kapo.

Kitu kimoja kilibaki, nilipotoka maji yakashuka toka ndani ya retro yakachora mstari mpaka mlangoni. Hapo nimemuelewa ndugu wa Katuba. Kompresa sina, ila sasa nakunja retro, nazigonga kwa kiganja, nafungua milango yote na kifuniko cha esansi, nangoja dakika kumi ndiyo napitisha kitambaa kidogo kikavu mle.

Madoa ya zamani nayo nitafanya nini?

fundi_ndosho (Goma)

Vinegre nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kivulini, rangi ikiwa baridi. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja ao mbili, suuza vizuri sana. Asidi inayeyusha ile chokaa. Doa likibaki na umbo lake hata likilowa, limekwisha kula verni, hilo linatoka kwa kupolishwa na mtu anayejua, usilisugue na dawa ya sufuria.

Na ile taulo ya Birere ipime mbele ya kuiamini. Tafuta CD ya zamani, isugue nayo upande unaong'aa, ukiona imechora usiiguse gari nayo. Angalia karatasi yake, nyingi nzuri ni poliesta 80 na poliamidi 20. Iosheni peke yake bila triko za pamba ju zinaiachia manyoya, bila dawa ya kulainisha nguo ju inaziba nyuzi haitakunywa tena maji. Usiianike kwenye ukuta wa mawe. Na ikianguka chini, hata sekunde moja, kazi yake ya siku ile imekwisha, mtoto akikuokotea akakupangusia vumbi kwa mkono mshukuru lakini chukua nyingine.

YayaMuhumba (Bukavu)

Nimesoma yote. Nimenunua mikrofibre moja Nyawera, nitaijaribu kwa gari ya mtoto wangu, yake ni ya bluu nzito. Shamua yangu itabaki ya vioo, hapo simpi mtu.

Mama_Teksi (Bukavu)

Yaya ukijaribu uandike hapa. Mimi jana nilitembeza freni vile fundi alisema, asubuhi gari ilitoka bila sauti yoyote. Nimeweka ndoo tatu chini ya mfereji wa paa, mvua ikinyesha leo usiku kesho najaribu ya tiyo.