Pomboo kwenye mabwawa ya watalii: tunalipa kiingilio, tunapiga makofi, halafu tunasema tunapenda wanyama!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Nimechoka na zile picha za mtu kavaa boya la kifuani, kapiga magoti ukingoni mwa bwawa, pomboo anambusu shavuni, na chini kaandika "ana upendo huyu jamani". Upendo gani? Kuna kipande cha picha mnachokikata kila siku: pembeni kasimama mwalimu na filimbi mdomoni na ndoo ya samaki wa barafu. Busu hilo limelipwa samaki mmoja. Akigoma, hapewi. Mnyama anayefanya kazi ili apate mlo wake mnamwita mpenzi?

Na lile tabasamu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Pomboo hatabasamu. Taya lake limeumbwa hivyo. Akiumwa sura ni ile ile, na hata akishakufa sura ni ile ile. Biashara ya mamilioni imejengwa juu ya umbo la taya, na sisi watu wazima tumeingia kichwa kichwa pamoja na watoto wetu.

Nimewahi kukaa kwenye jukwaa la onyesho kama hilo. Sitaji ni wapi, maana yote ni yale yale. Muziki unapasua masikio, mtangazaji anapayuka "oneni anavyofurahi!" Lilipoisha watu wakakimbilia duka la midoli, mimi nikabaki kwenye kiti. Yule yule aliyekuwa anaruka pete alijisogeza kwenye kona, karibu na geti la chuma, akaelea pale kama hana uhai, mgongo nje ya maji. Hatikisiki. Anapumua tu. Baada ya muda akaanza kuguguna ukingo wa geti, polepole, kama mtu asiye na kingine cha kufanya. Pomboo huota meno mara moja tu maishani, yakisagika kwa chuma na zege hakuna mengine yanayokuja. Mkipata nafasi chungulieni midomo yao, wengi wamebaki na visiki.

Turudi kwenye ndoo, maana hapo watu hawaulizi. Pomboo wa baharini hategemei kunywa maji ya chumvi. Maji ya mwili wake anayapata ndani ya samaki anayemkamata mwenyewe. Samaki aliyegandishwa na kuyeyushwa amepoteza sehemu ya maji hayo na sehemu ya vitamini, hasa B1. Kwa hiyo pomboo wa bwawani anaishi kwa vidonge, vinachomekwa kwenye matamvua ya samaki ili avimeze bila kujua. Wengine hupitishiwa mpira hadi tumboni wakamiminiwa maji. Dawa za vidonda vya tumbo nazo ni kawaida huko nyuma ya pazia. Mnyama wa baharini anapewa maji kwa mpira! Halafu mtangazaji anasema "wanatunzwa vizuri kuliko baharini".

Sasa, hao pomboo wanatoka wapi? Wapo waliozaliwa humo humo, sikatai. Lakini kuna mji unaitwa Taiji, mkoa wa Wakayama, Japani. Kila mwaka kuanzia Septemba boti hutoka pale zikiwa na mabomba ya chuma. Bomba linatumbukizwa majini, linagongwa kwa nyundo. Pomboo anaishi kwa kusikia, kwa hiyo kelele ile kwake ni ukuta. Kundi zima linakimbia, linaswagwa mpaka kwenye ghuba ndogo, nyavu zinafungwa nyuma yao. Kisha wanaingia wanunuzi na walimu wa pomboo kuchagua: wadogo, wasio na makovu, majike zaidi, maana hao ndio soko linawataka. Wengi katika waliobaki huchinjwa kwa nyama. Pomboo hai aliyekwisha kufundishwa anauzwa bei isiyokaribiana kabisa na bei ya nyama, kwa hiyo msiniambie mabwawa hayahusiki na uwindaji ule. Mwaka 2015 hata shirikisho la dunia la bustani za wanyama na akwaria, ambalo lenyewe lina wanachama wanaofuga pomboo, liliisimamisha jumuiya ya Japani kwa sababu ya Taiji, mpaka ikakubali kuwakataza wanachama wake kununua pomboo wa huko. Wenyewe kwa wenyewe walioneana aibu!

Na si Taiji tu. Mwaka 2003 pomboo 28 walipakiwa kwenye ndege kutoka Visiwa vya Solomon hadi Cancún, Mexico, wakaogelee na watalii. Nusu ya dunia, mnyama kalazwa kwenye machela ndani ya sanduku.

Jambo ambalo kwangu halisameheki ni familia. Mtoto wa pomboo hukaa na mama yake miaka mitatu hadi sita hivi. Kila mmoja ana mluzi wake anaojitambulisha nao, na wenzake wakiupiga anaitika. Kule Sarasota, Florida, watafiti wanawafuatilia pomboo wale wale tangu 1970, kizazi baada ya kizazi, na jike mmoja alionekana akiwa na miaka 67, bado anaogelea kwenye maji aliyokulia. Mwaka 2013 ukatoka utafiti ulioonyesha kwamba pomboo anautambua mluzi wa mwenzake aliyewahi kuishi naye hata baada ya zaidi ya miaka 20 ya kutengana. Watu wakashangilia, kumbukumbu gani hiyo! Mimi nikajiuliza walijuaje. Walijua kwa sababu waliowapima ni pomboo wa kifungoni, wanaohamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine kwa ajili ya kuzalishwa, na kumbukumbu za uhamisho zipo kwenye makaratasi. Aliyewatenganisha ndiye aliyekuwa na orodha.

Najua watetezi mnakuja na "ni elimu kwa watoto". Elimu ya nini? Mtoto anatoka pale akijua pomboo anasukuma mpira kwa pua na kumvuta mtu kwa pezi. Hajui anawinda vipi, hajui anapiga mbizi kina gani, hajui kwamba usingizini nusu ya ubongo hubaki macho ili asisahau kupumua. Anachojifunza ni kwamba mnyama mwenye akili ni halali kufungiwa akitufurahisha. Mwaka 2013 wizara ya mazingira ya India ilipiga marufuku mabwawa haya nchi nzima. Canada ikafuata 2019. Mexico, iliyokuwa imejaa biashara hii ufukweni, ilipitisha sheria ya kuzuia maonyesho mwaka 2025. Uingereza bwawa la mwisho lilifungwa 1993, na sijasikia watoto wa Kiingereza wamekuwa wajinga wa bahari tangu hapo.

Wa pili mnasema "wakiachiwa watakufa". Huu ndio utetezi wa kijanja kuliko wote: umfunge mtu mpaka asahau kwao, kisha useme hana kwao. Wapo wasioweza kurudi, kweli, hasa waliozaliwa bwawani au walioharibika meno. Hao watengewe ghuba zenye wavu, maji ya bahari halisi, bila muziki wala foleni ya watalii. Lakini wapo waliorudi. Tom na Misha waliokuwa kwenye bwawa chafu Uturuki walifundishwa upya kukamata samaki hai, wakaachiwa 2012. Jedol, aliyekuwa akionyeshwa Seoul, aliachiwa karibu na kisiwa cha Jeju 2013 akajiunga na pomboo wa mwituni. Mwenzake Sampal, aliyerudi baharini mwaka huo huo, akaja kuonekana na mtoto. Bali nako waliachiwa watatu 2022. Kwa hiyo semeni "ni gharama, hatutaki", tutaelewana.

Gharama yenyewe ioneni pale Antibes, Ufaransa, kwenye bustani ya maonyesho ya wanyama wa baharini. Sheria ya 2021 ikapiga marufuku maonyesho, bustani ikafunga milango Januari 2025, wanyama wakabaki kwenye mabwawa yale yale wakisubiri pa kwenda. Miaka yote ya faida, hakuna aliyeweka akiba ya kustaafu kwa aliyeileta. Ndiyo maana kudai kuzaliana kusitishwe leo si kelele za wanaharakati, kila mtoto anayezaliwa humo ni miongo mingine ya zege.

Yule Ric O'Barry aliyewafundisha pomboo wa televisheni Marekani miaka ya 1960, alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Mwaka 1970 pomboo wake Kathy akafa, akaiacha kazi, na tangu hapo anapigana na biashara aliyoisaidia kukua. Kama mwenye filimbi mwenyewe kaitupa, wewe mwenye tiketi unatetea nini?

Kampuni zinasikia lugha moja. Mwaka 2019 TripAdvisor, tovuti ya safari, waliacha kuuza tiketi za vituo vinavyozalisha au kuagiza pomboo, Expedia nao wakafuata 2021. Si kwa huruma, wateja walichachamaa. Basi na nyie mkiona "kuogelea na pomboo" kwenye kifurushi cha safari, muulizeni wakala kama wapo baharini au bwawani. Akianza kujiumauma, mwambieni akifute hicho kipengele na apunguze bei. Akikataa, chukueni hela yenu mwende kwa mwingine, na jina lake la biashara mtuambie.