Mlangilangi mfupi usiozaa: ni aina gani, na miche yake hupatikanaje?

BustaniWete: Assalaam aleikum. Nimeuziwa mti wa chungu kwa jina la mlangilangi. Haujafika kimo cha mtu na umeshachanua, majani haupukutishi mwaka mzima. Ua lina petali nyingi zilizojikunja, harufu ni ileile ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake. Tunda hautoi hata moja. Majani machanga yanageuka manjano, mishipa inabaki kijani. Je, ni mlangilangi kweli? Nahitaji miche zaidi.

Mpanda Viungo: Waaleikum salaam. Ni mlangilangi, ila wa aina fupi: *Cananga odorata* wa namna ya *fruticosa*. Ule wa mashambani, unaokamuliwa mafuta, ukiachwa bila kukatwa hupita mita 10, na ua lake lina petali 6 zinazoning'inia. Huu wako huishia mita 2 hivi, petali huzidi 6, na kuzaa kwake ni nadra sana. Kwa hiyo ukipewa mche wa mbegu ukaambiwa ni mfupi, uache. Mwisho utapita paa la nyumba.

Angalia na kikonyo cha ua. Kikiwa na umbo la ndoana inayoshika matawi ya jirani, hicho ni kitu kingine, *Artabotrys hexapetalus*, nao hutambaa.

Mama Miche: Miche ifungie tawini, mwanzo wa masika. Chagua tawi lenye unene wa kidole, ambalo si changa wala halijakomaa mno. Menya ganda mzunguko mzima, upana wa sentimita 3, kisha kwangua ule utelezi wote mpaka ufike kwenye mti mweupe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: utelezi ukibaki, ganda linajiunga tena na mizizi haitoki.

Funika kidonda kwa konzi ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) uliolowekwa ukakamuliwa hadi usidondoke maji. Usitumie usumba wa makumbi yaliyofukiwa pwani kwa kazi ya kamba, una chumvi. Zungushia nailoni angavu, kaza juu na chini, halafu funga kitambaa kuzuia jua. Baada ya wiki 6 hadi 10 utaiona mizizi. Ngoja ijae na ianze kugeuka rangi ya kahawia, ndipo ukate chini ya fundo. Punguza nusu ya majani, panda chunguni, weka kivulini wiki 3 au 4. Mche ukitolewa mizizi ikiwa bado michache na myeupe, hunyauka.

Mpanda Viungo: Kuhusu umanjano: ukianzia majani machanga na mishipa ikabaki kijani, mti umekosa madini ya chuma. Mara nyingi yamo udongoni, lakini chokaa imeyafunga. Mchanga wa pwani, kifusi cha matumbawe na maji magumu ya kisima ndivyo vinavyoleta chokaa hiyo. Majani ya zamani yangetangulia, ningesema ni njaa ya samadi.

Badilisha udongo: mafungu 2 ya udongo wa chini ya mikarafuu, fungu 1 la samadi iliyooza, fungu 1 la usumba. Chungu kiwe na matundu chini. Mwagilia maji ya mvua ukiyapata. Mbolea ya chuma nunua ile iliyotengenezwa kwa ardhi ya chokaa. Ya kawaida itafungwa vilevile. Majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi, tazama yale yanayochipua.

BustaniWete: Ahsanteni sana. Na maua ya kikuba nichume lini?

Mama Miche: Alfajiri, yakishakuwa manjano. Ya kijani hayajapata harufu.