Mrejesho: ubatizo wa yule mwanamke wa Amsterdam umepatikana

Wakuu, swali lilikuwa hili: mwanamke aliyeolewa Amsterdam karne ya 18, ubatizo wake hauonekani popote. Umeonekana, tena Hoorn, mji mwingine wa Uholanzi.

Kosa lilikuwa kumtafuta kwa jina la mume. Kwenye rejista za Uholanzi mke hubaki na jina lake, na wengi hawakuwa na ukoo, bali jina la baba tu: Jans, kama huyu wetu, ni mtoto wa Jan.

Kilichofungua njia ni daftari la ondertrouw, tangazo la nia ya kuoana. Karani wa Amsterdam aliandika umri, alikotoka, mtaa na nani kamsindikiza. Msiishie kwenye faharasa! Ina majina na tarehe. Neno "van Hoorn" (wa kutoka Hoorn) lilikuwa kwenye picha ya ukurasa, mstari wa pili, juu ya alama ya msalaba aliyoweka badala ya sahihi. Umri huo mwongezeeni au mpunguzieni miaka 3, maana ulikuwa wa kukadiria.

Akina Jans wa Hoorn ni wengi mno. Aliyetusaidia kumtofautisha ni shahidi wa ubatizo wa bintiye wa kwanza: ni bibi mzaa mama, yaani mama wa huyu mwanamke, na mtoto kapewa jina la bibi huyo, kama ilivyokuwa desturi.

Kodi ya mazishi nayo inasaidia kujua hali ya mtu kifedha: gulden (fedha ya Uholanzi ya enzi hizo) 30, 15, 6 au 3, na maskini "pro deo", bure. Huyu alizikwa kwa 3.