Mrejesho: kuku au kufundisha baada ya kustaafu

Wakuu, mwaka jana niliwauliza: nimestaafu ualimu kwa lazima, miaka 60, nifuge kuku au nifundishe tuisheni? Wengi mlisema kuku. Haya, nikaweka 200 kule Pongwe, Tanga. Nilijiona nimekaa barazani na kahawa na kashata, kuku wanajilea. Thubutu! Saa kumi alfajiri nipo bandani. Kisha kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita, wakabaki 38. Chanjo nilichelewesha mwenyewe, simlaumu mtu.

Sasa nafundisha hesabu Chumbageni, siku tatu kwa wiki. Hela ya mboga tu, ila usingizi naupata. Na mama watoto kafurahi natoka. Eti nilikuwa namkagua hadi chumvi ya mchuzi.

Banda bado nalipangisha.