Nimepata kazi makumbusho ya historia Berlin, wageni wakiniuliza habari za kwetu nijibuje?

Mngoni_Ughaibuni:
Wakuu habari za jioni. Niko Berlin nasoma masta, nimepata kazi ya wikiendi ya kuongoza wageni kwenye makumbusho moja ya historia. Sasa kuna chumba kina mikuki na ngao za Maji Maji, kibao kimeandikwa tu Afrika Mashariki basi, hakuna kijiji wala jina la mtu. Wakisikia natoka Tanzania wote wananigeukia, eti hivi vilifikaje huku? Mimi kwetu Songea jamani, nikifunguka yote naogopa bosi atasema naleta siasa, nikinyamaza roho inaniuma. Mlioko kwenye hizi kazi mnafanyaje?

Dada_Hamburg:
Hongera mdogo wangu. Siasa gani hapo? Rais wao mwenyewe Steinmeier alikuja hapo kwenu Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, sasa wewe unaogopa nini. Waambie vita ilikuwa 1905 hadi 1907, makisio ya waliokufa yanafika hadi laki tatu, na wengi sio risasi ni njaa, maana jeshi lilichoma mashamba na maghala makusudi. Halafu wape jina, Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, alinyongwa 1906, na ukoo wake mpaka leo unaulizia kichwa chake huko huko Ujerumani. Sema taratibu bila kufoka, watasikiliza.

Mhehe_Halisi:
Mtani nyie Wangoni kwa kulalamika hamjambo 😂 sisi chifu wetu Mkwawa alijipiga risasi 1898 ili Wajerumani wasimkamate hai, kichwa wakakibeba hivyo hivyo. Mkataba wa Versailles 1919 ukaandika kabisa kirudishwe, kimerudi 1954 kutoka Bremen, sasa hivi kipo Kalenga. Hiyo wape, kichwa cha mtu mmoja kimewekwa kwenye mkataba wa kumaliza vita ya dunia na bado ikachukua miaka 35.

Kaka_Leipzig:
Mimi ningeanzia stoo. Mwombe msimamizi wa mikusanyo akuonyeshe daftari la kuingizia vitu, Wajerumani hawa walikuwa wanaandika sana, mara nyingi unakuta nani kaleta na mwaka gani, ukikuta ni ofisa wa jeshi basi umeshapata jibu la mgeni wako na bosi hana la kukubishia maana daftari ni lake. Na hesabu siku zako za kazi, mwanafunzi wa nje ya Ulaya mwisho siku nzima 140 kwa mwaka, ukizidisha unajitafutia balaa na viza.

Mwana_Lindi:
Afadhali mikuki inabebeka, sisi mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, mifupa yake ina zaidi ya mita 13 kwenda juu, ipo hapo hapo Berlin toka enzi za Mjerumani. Mkuu nafasi zingine zipo? Hata kulinda mlango.

Mngoni_Ughaibuni:
Asanteni sana, la daftari sikuwa nimeliwaza, kesho namfuata msimamizi. @Mwana_Lindi walinzi wanaajiriwa na kampuni za ulinzi sio makumbusho, na Kijerumani lazima, kipo?

Mwana_Lindi:
Guten Tag tu mkuu.