Bapapa wa Goma mnaobaki na watoto nyumbani, tupeane uzoefu

Papa Plamedi (Katindo)

Bapapa, jambo yenu. Nafungua mazungumzo haya kwa sababu kwenye avenyu yetu siku hizi, ukipita saa nne asubuhi, wanaume wenye watoto begani ni wengi kuliko wanawake. Sababu tunaijua. Benki zilifunga milango Januari 2025, uwanja wa ndege nao ukafunga, mashirika yakapunguza watu, na sasa ni mama zao wanaotoka. Wangu anavuka Petite Barrière, mpaka wa kuingia Rwanda, mapema, ananunua nyanya na karoti upande wa Gisenyi, anakuja kuziuza soko la Virunga. Mimi niliyezoea kuhesabu noti za watu dirishani nabaki na Plamedi. Ana mwaka mmoja na miezi minane, na ukimwita bebe anakasirika.

Sitafuti mafundisho, hayo redio zinatupatia ya kutosha. Kila papa achukue saa moja tu ya siku yake, ile inayomtoa jasho au ile inayomchekesha, atusimulie ilivyo.

Yangu ni ile ya baada ya uji. Mama yake anatuachia uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) kwenye termosi. Mimi nakula, yeye anajipaka. Akishuka chini anakwenda moja kwa moja kwenye mabidoni. Mnajua wenyewe jinsi bidoni ya lita 20 inavyoheshimiwa hapa kwetu bomba likikauka. Huyu mtoto amegundua kwamba kifuniko kinazungushwa. Humo ndani wameshaingia kiazi kidogo, soksi, na ufunguo wa mlango, ambao tuliupata maji yalipoisha. Kisha ikaingia sabuni. Maji ya kunywa ya mchana mzima yakageuka maji ya kufulia, naye amesimama pembeni anapiga makofi. Nikafua. Tangu hapo mabidoni yanakaa juu ya meza, sisi tunakula chini.

Papa Exaucé (Ndosho)

Papa Plamedi, wewe una sakafu, ndiyo maana unalia kwa ajili ya sabuni. Njoo Ndosho uone uwanja wetu. Ni mawe ya volkano matupu, yale meusi yenye matundu na makali, na hapo ndipo kijana wangu alipojifunza kutembea. Mtoto wa mahali pengine akianguka anakaa kitako analia kidogo. Wa huku akianguka ngozi inabaki juu ya jiwe. Magoti yake yana alama kama ramani.

Nilijaribu kumvalisha viatu. Vile vya soli ngumu vinamfanya ateleze, vile laini mawe yanavimaliza. Kilichonisaidia ni mambo mawili. La kwanza, fundi cherehani wa jirani alimshonea suruali ndefu, akaweka kiraka kinene cha jinzi kwenye kila goti, ndani akatia kitambaa cha kikwembe (kitenge) kizee. La pili, nilizungumza na kijana wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, akaniletea mchanga mweusi, tukaumwaga kwenye kona moja ya uwanja nikauzungushia mawe makubwa. Hapo ndipo Exaucé anapocheza. Shida iliyobaki ni kwamba paka wote wa kartie wameielewa hiyo kona kwa namna yao, kwa hiyo kila asubuhi napitisha reki kabla yeye hajaamka.

Watoto wa jirani wanaokuja kucheza ni saba. Sikuwaalika.

Papa Mapasa

Bapapa, mie siandikake murefu, mikono haiko ya kwangu. Niko na mapasa (mapacha). Mumoja anakimbilia ku mulango, mwengine anakimbilia ku mbabula (jiko ya makaa), na mie niko katikati nachagula. Kila siku nachagulaka wa ku mbabula. Wa ku mulango majirani banamurudishaka.

Motari wa Himbi

Mimi nafanya kazi ya moto, yaani pikipiki ya abiria, kuanzia saa nane mchana mpaka usiku. Asubuhi ni yangu na Divin, kwa kuwa mama yake anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na lazima awahi mitumbwi inaporudi ufukweni Kituku.

Nitasimulia siku ya kupima. Mama yake alikuwa na mzigo, akaniambia peleka mtoto wewe, kadi iko chini ya godoro. Nikafika kituo cha afya, ambacho sitakitaja. Benchi ndefu, akina mama watupu, na mimi nimeshika kofia yangu ya moto mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Wa mapokezi akaniangalia, akaangalia kadi, akauliza, "Mama yake amekufa?" Nikasema yuko Kituku. Akauliza tena, "Basi nyanya yake yuko wapi?" Bapapa, nilikaa pale nikisubiri wanione kuwa mimi pia ni mzazi, na zamu yangu ikarukwa mpaka mama mmoja mnene wa Majengo akapaza sauti: huyu papa alifika kabla yetu, mpokeeni.

Ndipo nikajua vitu ambavyo kabla ya hapo vilikuwa kwa mama yake tu. Kwamba chanjo ya surua inaanza kwenye miezi tisa. Kwamba vitamini A inarudiwa kila miezi sita mpaka mtoto afike miaka mitano, na dawa ya minyoo wanaianza akishatimiza mwaka. Kwamba ule mstari kwenye kadi ukilala, mtoto haongezeki kilo, hata kama kwa macho unamwona ananawiri. Wa Divin ulikuwa umelala kidogo. Mama wa Majengo akasema twanga sambaza zilizokauka mpaka ziwe unga, weka kijiko kwenye uji. Sambaza tunazo nyumbani tele, tunauzia watu! Sasa natwanga mwenyewe. Harufu inabaki kwenye nguo, na wateja wa moto wananiuliza kama ninavua samaki usiku.

Yule yule mama ndiye aliyenionyesha jinsi ya kumfunga mtoto mgongoni. Upande wa juu wa kikwembe unapita chini ya makwapa yake na unakazwa mbele, wa chini unamshika matakoni, magoti yanakaa wazi kama chura. Nikatoka hapo nimembeba hivyo, kwa miguu. Kwenye rondi-puwa (mzunguko wa barabara) ya Chukudu motari wenzangu walipiga honi zote kwa pamoja. Divin alifikiri wanamsalimia, akawapungia. Mpaka leo tukipita pale anataka niegeshe, aisalimie ile sanamu ya dhahabu inayosukuma chukudu, na nisipoegesha analia mpaka Birere.

Papa Exaucé (Ndosho)

Huyo ni wewe! Mimi nilikuwepo. Nilidhani ni mtu amefanya dau.

Mama Divine

Bapapa, mnisamehe naingia bila kualikwa. Mimi ni muuguzi, nawasoma nacheka, ila ile ya mbabula ya Papa Mapasa haikunichekesha. Watoto wa umri huo wanaoletwa kwetu na majeraha ya moto, wengi ni uji na maji ya chai, si makaa yenyewe. Sufuria iko chini, mtoto anashika mshiko.

Akiungua, mwagia maji baridi na masafi papo hapo, dakika 20. Si dawa ya meno, si majivu, si yai, si mafuta. Mnaleta watoto wamepakwa dawa ya meno nyeupe mpaka shingoni, inabidi tuanze kuitoa kabla hatujaona kidonda, na kutoa kule ndiko kunakomliza mtoto kuliko moto.

Papa Plamedi (Katindo)

Karibu sana, mama. Ila maji ya kutiririka dakika 20 kwa mtu wa bidoni?

Mama Divine

Kikombe kwa kikombe, polepole, juu ya sehemu iliyoungua. Bidoni moja inatosha na inabaki. Nguo zilizolowa uji mtoe upesi, lakini zilizogandana na ngozi ziacheni. Halafu mfunike kwa kitambaa kisafi, mje.

Kingine ni chupa. Wale makadhafi wa barabarani wanauza esansi (petroli ya magari) kwenye chupa za maji na za soda, na papa ananunua kwa ajili ya jenereta anaiweka nyuma ya mlango. Mtoto anaijua ile chupa, ameshanywea fanta humo. Akinywa esansi au petroli ya taa usimtapishe. Ikipanda inaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mbebe uje naye na chupa yenyewe.

Nimemaliza, endeleeni na paka wenu.

Papa Mapasa

Nimesikia, mama. Mbabula nimepandisha ku dirisha.

Papa Amani (Bulengo)

Ninyi mnaongelea mlango na sufuria. Sisi wa upande huu wa Lac Vert tuna mazuku.

Wengi mnaijua kwa kusikia mbuzi wamekufa shimoni. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, kwa hiyo inajilaza kwenye mabonde madogo na kwenye mashimo ya mawe, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mtu mzima anaweza kupita pembeni akasimama vizuri kabisa, kichwa chake kiko juu ya hiyo gesi. Mtoto ambaye kichwa chake kinafika gotini kwangu, anayeinama kuokota kila kijiwe, yuko ndani yake.

Kwa hiyo saa yangu ngumu ni saa kumi na mbili asubuhi. Amani anaamka na kuku, anasimama mlangoni anapiga mbao, "Tuende! Tuende!" Kila asubuhi ni vita. Simfungulii mpaka jua litoke sawasawa na nione majani ya mgomba yanatikisika. Hata yakitikisika, lile bonde la nyuma ya nyumba haliingii kabisa, nimelizungushia ukuta wa mawe unaonifika tumboni. Jirani aliyekuja juzi kupanga aliniuliza kwa nini najenga ukuta kulizunguka shimo tupu. Nikamwita ndani, nikamweleza, nikamsaidia kujenga wa kwake.

Ili nimshike Amani hiyo saa moja ya kungoja, tunahesabu maharage. Anayahamisha kutoka kwenye sahani hadi kikombe na kurudi. Nipo macho, kwa sababu puani yanakaa vizuri sana.

Papa Plamedi (Katindo)

Mzee wangu, sikuwahi kuifikiria hivyo, kwamba urefu wa mtoto ndio shida. Shemeji yangu amehamia upande wa Sake na ana mtoto wa miaka miwili. Nampelekea haya maneno leo hii.

Kadutu Juu

Naomba nafasi, mimi niko Bukavu, lakini tunapakana kwa ziwa. Kwetu hakuna mazuku wala mawe makali. Kwetu ni mteremko. Nyumba yangu ina ngazi za udongo mbele na bonde nyuma. Binti yangu akipewa mpira, anautupa mara moja tu. Mpira unapita kwa jirani wa chini, unapita kwa jirani wa chini yake, unakwenda zake kutafuta ziwa. Nimenunua mipira, sasa nimeshona mmoja wa vitambaa na kuufunga kamba kwenye nguzo ya mlango. Anauvuta kama mbuzi. Mvua ikinyesha hatutoki kabisa, kwa sababu ngazi zinageuka sabuni, nami nikiwa nimembeba siwezi kushika ukuta.

Mteremko huu una faida moja: miguu ya huyu mtoto ina nguvu kuliko yangu.

Motari wa Himbi

Karibu, Kadutu. Kuna mwenye shida ya simu? Divin amejifunza kubonyeza lile duara la sauti. Juzi alimtumia baba mkwe wangu ujumbe wa dakika nne. Dakika tatu ni pumzi yake, ya nne ni mimi naongea na jirani kuhusu mahari ambayo sijaimaliza.

Papa Exaucé (Ndosho)

Na baba mkwe?

Motari wa Himbi

Alijibu kwa sauti pia. "Nimesikia." Basi.

Papa Plamedi (Katindo)

Ha! Lipa, kaka.

Kabla sijaondoka, mama wa Plamedi alinikuta jana nimelala mkekani naye amelala juu ya tumbo langu, vyombo havijaoshwa. Hakusema kitu, aliosha. Leo amesema kitu. Kwa hiyo naomba ushauri, wenzangu: mtoto akilala mchana ninyi mnafanya nini, vyombo au usingizi? Wangu analala saa sita na nusu, akiamka anaamka na hasira.

Papa Amani (Bulengo)

Mimi vyombo kwanza, kwa maji kidogo, kimya. Kijiko kikigonga sahani ameamka.

Kadutu Juu

Vyombo naviosha akiwa macho, nampa sufuria moja na yeye aoshe. Inachukua muda mara tatu, lakini akilala ninakuwa mtu huru.

Papa Mapasa

Bapapa!! Bamelala bote wawili. Saa ileile! Hii haiyatokea bado. Nipike ao nilale?

Mama Divine

Lala, Papa Mapasa.

Papa Exaucé (Ndosho)

Lala. Na usijibu huu ujumbe.