Tupeane uzoefu: mliopanda Kasigau mkarudi Mombasa siku hiyo hiyo

BintiKisauni
Jana mtu kanitumia picha ya mlima Kasigau, ule wa kule Taita, goti likaanza kuniuma lenyewe. Sasa kazini wanapanga kwenda mwezi wa nane, ati ni mlima mdogo, mita 1,641 tu, asubuhi mwapanda jioni mko Mombasa mwala viazi karai. Mimi nimenyamaza. Waliopanda hebu semeni.

Makupa_Juu
Mdogo kwenye ramani. Sisi mlima wetu ni ule mteremko wa feri Likoni na hata huo twapumzika katikati 😂

Kibokoni_4
Afadhali umeanzisha hii mada. Sisi tulitoka Mwembe Tayari saa tisa usiku, Maungu tukaacha lami, kutoka hapo ni vumbi mpaka kijiji cha Rukanga chini ya mlima, gari ikapata pancha, basi kuanza kupanda ni saa nne na jua lishawaka. Kule chini ni kichaka cha miba tupu, kivuli hakuna, maji yakaanza kuisha hata msituni hatujaingia. Ukifika juu mambo yageuka, mawingu, kuvu kwenye miti, mawe yateleza, baridi, na sisi tumevaa fulana za mpira. Mjomba wangu, mtu mzima na mwili wake, akakaa chini akasema kilele chake ni hapo, aachiwe tende tu nyinyi endeni. Kijana mwenyeji aliyekuwa atuongoza akakataa, hapa haachwi mtu, ama twende sote ama turudi sote. Wengine wakaanza kelele, wamelipa pesa zao lazima wapige picha juu, wakaenda wenyewe. Wingu likashuka. Ukinyoosha mkono hata vidole huvioni vizuri, twaitana kwa miluzi, huyu ajibu huku huyu ajibu kule, mpaka saa kumi ndio tumekusanyika. Kushuka sasa ndio adhabu, magoti yatetemeka kama ya mgonjwa wa homa. Giza likatukuta bado hatujafika kijijini, simu zote zataka kuzima, kijana akasimama ghafla akasema zimeni taa, asiongee mtu. Ndovu. Sikumuona wallahi, nilimsikia avunja matawi, na harufu yake mpaka leo naijua. Tukasimama hapo mpaka akapita zake. Na mjomba aliyekuwa hawezi hatua moja ndiye wa kwanza kuingia kwenye gari.

Mama_Shanzu
Mjomba 😂😂😂 mpe salamu zangu

Changamwe_Kwetu
Harufu ya ndovu umeijulia wapi we mtu wa Kibokoni? Alikuwa ng'ombe huyo.

Mdawida
Kaka, ule upande una ndovu, usicheze. Watokea Tsavo wapita kwenye maranchi, wenyeji huingia ndani mapema kwa sababu hiyo. Na ukikutana naye usikimbie, humuwezi.

Changamwe_Kwetu
Sawa, lakini wa Kibokoni alikuwa ng'ombe.

Tudor_Raba
Mimi nasema tu viatu. Usivae raba mpya siku hiyo, kucha za vidole vya miguu ziling'oka. Nenda Kongowea mtumba utafute zenye meno chini, uzivae wiki kadhaa kwanza.

Sheikh_Mbavu
Tafuneni kitunguu saumu, mlima hulewesha.

Makupa_Juu
Sheikh, Kasigau iko chini kuliko Nairobi. Mbona ukishuka kwenye treni Nairobi hulewi? Kinachoua pale ni jua na maji kidogo. Lita tatu kila mtu.

Sheikh_Mbavu
Lita tatu atabebewa na nani? Maji kidogo, ndimu na chumvi, basi.

Nyali_Mwendo
Kama ni kilele mbona msiende Vuria? Mita 2,208, ndio juu zaidi Taita nzima, na kuna barabara ya kupanda kwenye minara ya mawasiliano.

Tudor_Raba
Hiyo si kupanda mlima, hiyo ni kwenda kukagua minara.

Nyali_Mwendo
Wivu. Mimi nilifika juu na kucha zangu zote.

Kibokoni_4
Mjomba auliza gari yafika juu kabisa ama kuna kutembea.

Mzee_wa_Voi
Vijana mwacheka tu. Wenyeji wa Kasigau mwaka 1915 Waingereza waliwatoa kwao kwa nguvu wakawapeleka Malindi, ati wamewasaidia Wajerumani, na wengi walifia huko. Ule mlima ni kwao. Mkifika pitieni kijijini kwanza, mpatane bei ya kijana wa kuwaongoza kabla hamjaanza, na akisema turudi mrudi. Habari ya kwenda na kurudi siku moja mimi siiamini, kuna banda za wanakijiji, laleni hapo, saa kumi na mbili asubuhi mko njiani.

BintiKisauni
Asante mzee wangu. Sweta je, niazime wapi Mombasa hii?

Mama_Shanzu
Kila nyumba kuna moja, ya yule aliyesoma bara.

BintiKisauni
Haya, tulale Rukanga ama kile kijiji kingine, Bungule?

Mdawida
Bungule.

Kibokoni_4
Rukanga, gari haitasumbuka.

Changamwe_Kwetu
Popote pasipo na ng'ombe.